Kibibi Aliyekaa Juu ya Kabati

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni pakawa gani? Hiyo ni pakawa ya wagonjwa. Mimi ndiye niliyeshinda nikikuna nazi kwenye harusi ya watu, mgongo umekatika vipande viwili, na bado sauti yangu inafika kwa jirani. Tena! Paukwa!

Pakawa!

Haya. Angalau. Mishi, toa kiwiko chako kwenye goti langu, hilo goti bado nalihitaji. Na wewe Baba Mishi, ukitaka kupiga miayo piga sasa hivi, kwa sababu nikishaanza sitaki miayo. Inaambukiza, na mimi sina haja ya kuambukizwa.

Hapo zamani za kale, zamani za bibi yake bibi yangu, wanyama walikuwa wakisema na watu wakisikia. Kusikia walisikia. Kusikiliza ndiko kulikokuwa kazi, kama leo tu.

Basi palikuwa na mwanamke mmoja, jina lake Bi Rehani. Mjane. Alikaa katika nyumba ya mawe yenye ua nyuma, yeye na paka wake. Paka huyo aliitwa Kibibi. Bi Rehani alimwokota jaani angali hajafumbua macho, akamlea kwa maziwa aliyomdondoshea kwa kitambaa. Kibibi akakua ndani. Akala ndani, akacheza ndani, akalala kitandani upande ule aliokuwa akilala marehemu. Ndiyo maana Bi Rehani alimpenda hivyo. Upande ule haukuwa baridi tena.

Paka mwingine, Kibibi hakupata kumwona. Hata mmoja. Alidhani paka duniani ni yeye tu, waliobaki wote ni watu na kuku.

Kila alasiri Bi Rehani aliketi uani juu ya kigoda akapara samaki. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Magamba yanaruka, yanamganda kwenye mikono. Kibibi yuko pembeni anangoja kwa adabu. Samaki akipasuliwa, ini la kwanza ni la Kibibi. Ndivyo walivyoishi.

Masika yakaja. Mvua, mvua, mvua. Ukuta wa ua ukalowa, ukalowa, siku moja ukasema puu! Pengo. Bi Rehani akalitazama, akasema, "Nitaliziba." Hakuliziba. Nani ana nguvu za kuziba pengo masika?

Na kupitia pengo lile akaingia Shume.

Mnamjua shume? Paka dume la mtaani, lisilo na kwao. Kichwa kama kifuu cha nazi, sikio moja limechanika, mwendo wa pole kama mwenye nyumba. Shume akaja moja kwa moja kwenye matumbo ya samaki. Akala. Akainua uso. Kibibi huyo, mbele yake.

Macho kwa macho.

Shume akasema, "Hfff!"

Kibibi akapaa. Fyuu! Akapita mlangoni, akapita chini ya meza, akaruka juu ya kabati la vyombo, sahani zikalia cha-cha-cha. Akajibanza kwenye pembe. Na huko juu akaanza kuimba, nanyi mtanipokea:

Sishuki mimi, sishuki!
Chini kuna macho, chini kuna meno,
Sishuki mimi, sishuki!

Bi Rehani akaja na ini mkononi. "Kibibi, mwanangu, shuka."

"Sishuki, mama."

"Huyo paka ameshaondoka."

"Atarudi."

Na kweli, alirudi. Kesho yake alirudi, na keshokutwa akarudi. Shume akishaona matumbo ya samaki mahali, hasahau. Kibibi naye akawa wa juu ya kabati. Chakula kikiletwa hakili, maji yakiletwa hagusi. Masikio yake hayatulii, moja linasikiliza mlango na moja linasikiliza dirisha. Akisinzia kidogo anashtuka. Hofu inachosha, jamani. Anayelima jua zima jioni huoga akalala. Mwenye hofu hana jioni.

Sasa sikilizeni kosa lililofanywa, kwa sababu ni kosa letu sisi wenyewe, wala msijifanye watu wengine. Bi Rehani alisema, "Huyu amehusudiwa. Paka mzuri, mnene, watu wamemtia jicho. Dawa yake ni kumfukiza."

Akatoa chetezo. Akatia makaa, akatia ubani, akatia udi wake mzuri, ule wa sikukuu. Akamteremsha Kibibi kwa nguvu, akamwosha kwa maji ya mawaridi, akamfunika kwa tenga, na chetezo akakiweka chini ya tenga. Moshi, fuu, fuu, fuu. Kibibi mle ndani anapiga chafya. Chya! Chya! Alipotolewa alinukia kuliko bibi harusi.

"Sasa uko salama," Bi Rehani akasema. Akambeba mpaka uani, akamweka mbele ya Shume hivi, pua kwa pua. "Haya, salimianeni. Mtazoeana."

Shume akanusa. Akanusa tena. Paka hamjui mwenzake kwa sura. Anamjua kwa harufu, kama wewe unavyomjua mtu kwa jina lake. Na Kibibi hakuwa na harufu ya paka hata kidogo, imeoshwa yote.

"Hiki ni kitu gani?" Shume akasema. "Macho ya paka, harufu ya ukumbi wa harusi. Toka!"

Pa! Pa! Kofi la kushoto, kofi la kulia. Kibibi akajikojolea mkononi mwa Bi Rehani. Akamparura Bi Rehani toka kiwiko mpaka kiganja, akaruka, akapotea. Kabatini tena. Safari hii aliingia nyuma kabisa, kwenye masufuria ya shughuli, palipo na vumbi.

Sishuki mimi, sishuki!
Chini kuna macho, chini kuna meno,
Sishuki mimi, sishuki!

Na huko nyuma akajilamba, akajilamba, akitafuta harufu yake mwenyewe. Hakuipata. Hilo ndilo lililomliza zaidi.

Bi Rehani akaketi chini sakafuni, mkono unatoka damu. Akalia na yeye. Akasema, "Nampenda na nimemchoka. Hali, halali, na mimi silali. Atanifia humu ndani nikimtazama. Kaka Kombo akishaangua nazi zake atakuja na punda. Atamchukua shamba. Labda huko atapona."

Kaka Kombo ni mdogo wake Bi Rehani, mkulima. Mtu mwema, lakini shamba lake lilikuwa na paka wa porini wasiohesabika, na usiku wanagombana mpaka popo wanahama. Kumpeleka Kibibi huko ni sawa na kumzika. Bi Rehani alilijua hilo. Aliyechoka husema mambo anayoyajua kuwa si ya kweli, ili tu apate kupumzika.

Sasa uani, chini ya banda la jiko, alikuwako kuku mmoja wa siku nyingi, anaitwa Bi Koo. Alikuwa anaatamia. Kuku anayeatamia hana mzaha, mnajua. Bi Koo akayasikia yote, akachoka nayo yote.

"Bi Rehani!" akaita. "We Bi Rehani! Hebu njoo hapa, mimi siwezi kuinuka."

Bi Rehani akaja.

"Huyu analia kabatini, yule ananguruma ukutani, wewe unapiga kelele katikati. Mayai yangu yanatikisika. Vifaranga wangu watatoka na kizunguzungu. Nikuulize. Binti yako akiposwa, unamshika kichwa na mchumba unamshika kichwa, unawagonganisha?"

"Astaghafiru! Hapana."

"Unafanyaje?"

"Anakuja mshenga kwanza. Kinaletwa kitu. Kinapelekwa kitu. Watu wanajuana kwa mbali."

"Basi," Bi Koo akasema, akajitikisa manyoya. "Mbona paka umemfanyia jeuri? Na tena umemwosha jina lake. Yule Shume hakumpiga Kibibi, alipiga udi wako."

Bi Rehani akatazama mkono wake ulioparurwa.

"Nani atakuwa mshenga?" akauliza.

Bi Koo akashusha pumzi. "Mimi. Nani mwingine? Lakini usidhani ni mapenzi. Vifaranga wangu watakuja kutoka, na ninataka yule shume awe na mahali pake pa kula na shibe yake, asianze kunitazamia wanangu."

Alasiri Shume akaja. Bi Koo akamwita pale pale kwenye kiota.

"Shikamoo, Bi Koo."

"Marahaba. Kaa chini. Una ugomvi gani na mtoto wa ndani?"

Shume akakaa, akajikuna sikio lililochanika. Kwa karibu alikuwa mzee kuliko mtu alivyodhani.

"Sina ugomvi na mtu," akasema. "Nimechoka na ugomvi. Nikienda ua huu namwagiwa maji, nikienda ua ule napigwa kiatu. Hapa nilikuta matumbo ya samaki na mama asiyekuwa na mbio. Yule mtoto alinikazia macho. Kwetu mitaani ukikaziwa macho umetukanwa. Nifanye nini?"

"Wataka kuwa rafiki yake?"

"Rafiki wa nini? Nataka matumbo."

"Hilo ni jibu zuri," Bi Koo akasema. "Basi sikiliza. Mahali pako ni lile jiwe karibu na pengo. Usisogee. Akija, mpe mgongo. Usimtazame kabisa. Nawe Bi Rehani, lete doti yako ya khanga."

Bi Rehani akaleta doti mpya, bado ina gundi.

"Si hiyo! Hiyo inanuka duka. Lete kuukuu."

Akaleta ile kuukuu, iliyofuliwa mpaka maandishi yamefifia. Kipande kimoja akakitandika juu ya kabati, Kibibi akalie. Kipande cha pili akakitandika kwenye jiwe, Shume akalie. Wakazilalia khanga zile. Kisha Bi Rehani akabadilisha, ya jiwe akaipeleka kabatini, ya kabatini akaipeleka kwenye jiwe.

Shume akainusa yake. "Ala! Kumbe ni paka." Akalala.

Kibibi akainusa yake. "Hfff! Hfff!" Akaitukana ile khanga, akaipiga makofi, akaikimbia mpaka pembe nyingine. Bi Rehani akaweka ini la samaki kwenye ncha ya khanga, akaenda zake kuosha vyombo. Aliporudi, ini liko vile vile. Kesho yake akaweka jingine. Liko vile vile. Siku iliyofuata akaweka jingine, na aliporudi khanga ilikuwa na alama ya ulimi.

Bi Rehani akatoka mbio uani. "Bi Koo! Amekula!"

"Usipige kelele," Bi Koo akasema, amefumba macho.

Ndivyo walivyokwenda. Ini likasogea katikati ya khanga. Khanga ikashuka mezani, kisha kwenye kiti, kisha sakafuni, na Kibibi akaifuata kila mara akiimba wimbo wake ule ule. Ikafika nyuma ya mlango wa uani. Mlango umefungwa. Shume anakula nje, Kibibi anakula ndani, ubao katikati. Nyam, nyam, huku. Nyam, nyam, kule. Kila mmoja anamsikia mwenziwe. Na Bi Rehani, ambaye zamani alipara samaki kwa raha zake, sasa anapara samaki kama mtu wa zamu. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Hamwiti mtu. Hamsukumi mtu. Anakaa tu, mgongo unamuuma.

Halafu akaharibu.

Msimcheke. Habari zilikuja kwamba Kaka Kombo ameshaangua nazi, anapakia. Bi Rehani akasema, siku hazipo, leo na tumalize. Akaufungua mlango wote, paa! Shume huyo hapo, na mwanga, na ua mzima. Kibibi alikuwa na ini mdomoni. Akalitema. Fyuu! Kabatini, nyuma, kwenye masufuria.

Bi Rehani akatoka uani.

"Bi Koo," akasema, "nimerudi mwanzo."

Bi Koo akatoa kichwa chini ya bawa. "Ndiyo."

"Huna neno jingine?"

"Neno gani? Ungekuja kunipasulia mayai haya jana kwa sababu una haraka, ningekufanya nini? Tandika khanga."

Bi Rehani akaketi kwenye kigoda. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimechoka, Bi Koo."

"Na mimi nimechoka," Bi Koo akasema. "Nimelikalia tumbo langu mpaka limepata upara. Tandika khanga."

Akatandika. Kabatini, mezani, kitini, sakafuni. Mlango umefungwa. Kisha mlango ukafunguliwa kidogo, upana wa kidole. Kisha upana wa kiganja. Kibibi akaona mgongo wa Shume. Mgongo tu. Akatetemeka, akala. Siku nyingine akatetemeka, asile. Siku nyingine akala nusu. Bi Rehani hakusifu wala hakulaumu.

Kaka Kombo akafika. Punda, nazi, kelele, "Hodi! Hodi!" na tenga tupu mkononi. Akatua mzigo, akanywa maji, akafuta jasho.

"Dada, yuko wapi huyo paka? Nikimbie jua."

Kibibi, kwa ajili ya zile kelele, alikuwa juu ya kabati.

Bi Rehani akamtazama mdogo wake. Akalitazama tenga. Ni tenga kama lile la kufukizia.

"Kaka, ngoja," akasema. "Nipare samaki kwanza."

"Samaki sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kaa pale, usiseme neno."

Akaenda uani. Akaufungua mlango, taratibu, upana wa kiganja. Kisha upana wa mtu. Akauacha. Akaketi. Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Shume akaingia kwa lile pengo, akaenda kwenye jiwe lake, akageuza mgongo.

Kwaru. Kwaru.

Bi Rehani akapasua samaki. Ini akaliweka chini, kando ya mguu wake. Hakugeuka. Nyuma yake akasikia, tini, kucha kwenye meza. Tini, kucha kwenye kiti. Tini, sakafuni. Na sauti ndogo, imekauka, inaimba:

Sishuki mimi, sishuki...
Chini kuna macho, chini kuna meno...
Sishuki mimi, sishuki...

Na huku anashuka! Mnasikia? Anasema sishuki na huku anashuka. Akafika kizingitini. Mkia umefura kama ufagio, manyoya yote yamesimama, miguu inamgonga. Akamtazama Shume. Shume sikio lake zima likacheza kidogo, basi. Hakugeuka. Kibibi akatia mguu mmoja uani. Akaurudisha. Akautia tena. Akatembea tumbo linagusa chini mpaka kwenye mguu wa Bi Rehani, akaliinamia ini, akala, mwili mzima unatetemeka, hata ini lenyewe lilitetemeka mdomoni.

Kaka Kombo, ambaye kunyamaza hakuwezi, akanong'ona, "Dada, huyu bado anaogopa."

"Anaogopa," Bi Rehani akasema. Machozi yanamshuka, na mikono ina magamba, hawezi kuyafuta. "Lakini anakula."

Kaka Kombo akaondoka na tenga lake tupu.

Mnataka niseme wakawa marafiki, wakalala kifua kwa kifua? Hawakuwa. Shume alikaa kwenye jiwe, Kibibi alikaa mguuni, na katikati yao palikuwa na uwanja. Siku nyingine Kibibi alipandwa na hofu akakimbilia kabatini, akashinda huko, na jioni akashuka mwenyewe. Bi Rehani akalala usingizi wa kwanza toka masika, na upande wa pili wa kitanda ulikuwa na joto.

Maadili yake ni haya, nayasema waziwazi kwa sababu mmeshaanza kusinzia. Mwenye hofu hatolewi hofu kwa kusukumwa, wala kwa kufukizwa. Analoliogopa mletee kwa mbali, kidogo kidogo, na kitu anachokipenda kando yake, na wewe ukae hapo hata kama umechoka. Likiharibika, tandika tena. Wala usingoje mpaka aache kutetemeka ndipo umwite mzima. Akiweza kula huku anatetemeka, mshukuru Mungu.

Hadithi yangu imefika hapo, imeketi, na mimi sina nguvu ya kuiinua. Baba Mishi, mbebe huyo mtoto, ameshalala.